Mnauliza, Tunajibu: Kitabu gani cha mbwa kinasema ukweli?

Mwezi huu barua karibu zote ni za vitabu vya mbwa, sijui kumetokea nini, labda watoto wamefunga shule na wazazi wameshaanza kusumbuliwa. Zilizofanana nimeziunganisha, zilizokuwa ndefu kama hotuba nimezipunguza, mnisamehe. Twende.

Kila mbwa ni "mpole na anapenda watoto"?

*Habari za kazi mhariri. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11 na mdogo 5, tunataka mbwa wa kwanza. Nimenunua kitabu kikubwa cha picha chenye mbegu zote, nimesoma nusu nzima na kila mbwa ni mwaminifu, mchangamfu, anapenda familia. Sasa mi nachaguaje hapo? – Baba wa Watatu*

Baba Watatu, hapo umegusa penyewe kabisa. Shida ya vitabu vya mbegu ni kwamba wengi wanaoviandika ni watu wanaoipenda hiyo mbegu au wanaizalisha na kuiuza, sasa mtu akuambie mtoto wake ana kasoro? Alafu vitabu vingi vinachota kutoka kwenye vigezo vya mbegu, yani yale maandishi ya vyama vya mbwa yanayoeleza mbwa wa aina fulani anatakiwa aweje. Kile kitabu maarufu cha chama cha Marekani, The Complete Dog Book, kimekuwa kikichapwa na kuchapwa tena tangu 1929 na kimejengwa juu ya vigezo hivyo hivyo. Ni kitabu kizuri, ila ujue vigezo viliandikwa ili mwamuzi wa mashindano ajue mbwa bora anaonekanaje, havikuandikwa ili baba mwenye watoto watatu ajue jioni yake itakuwaje.

Kwa hiyo mi ushauri wangu ni mmoja, sifa ruka, nenda moja kwa moja pale wanapoeleza huyu mbwa alizalishwa afanye kazi gani. Ukurasa huo ndo wenye faida. Border Collie ni wa kuswaga kondoo, anainama, anakodoa macho, anazunguka, na asipokuwa na kondoo ataswaga watoto wako wakikimbia, wengine wanafika mpaka kung'ata visigino, na hapo mbwa wala hana ubaya, anafanya kazi aliyozaliwa nayo. Beagle ni wa kufuata harufu ya sungura akiwa na wenzake kundi zima huku anapiga kelele ili mwindaji ajue wako wapi, sasa utegemee nini kwako? Kelele, na mbwa ambaye akishika harufu hasikii unamwita nani. Terrier wengi walizalishwa kufuata wanyama mpaka shimoni na kuua panya, bustani itachimbwa. Husky ni wa kuvuta sleji mwendo mrefu kwenye barafu, ukimzungusha nyumba mara moja hata jasho halijamtoka (mbwa hatoi jasho kama sisi lakini umenielewa). Labrador kazi yake ilikuwa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa risasi, kwa hiyo maisha yake yote ni mdomo, akiwa mdogo viatu vitaliwa. Na wale wakubwa wa kulinda mifugo, watu wanawapenda kwa sababu wanaonekana wametulia, ila walizalishwa wakae na kondoo usiku bila mtu na waamue wenyewe nani adui, sasa rafiki wa mwanao akija kucheza na wakaanza kupigana miereka ya utani, mwamuzi ni nani hapo?

Ukimaliza kazi nenda kwenye magonjwa. Hicho ndo kipimo changu cha ukweli wa mwandishi. Kitabu cha Pug au Bulldog kisichosema kinagaubaga kwamba pua fupi inawapa shida ya kupumua, hasa kwenye joto, kirudishe. Cha Dachshund kisichotaja mgongo, kirudishe. Cavalier King Charles lazima utajwe moyo, Dalmatian utajwe uziwi, Great Dane na wenzake wenye kifua kirefu litajwe tumbo kujaa gesi na kujipinda, maana hilo linaua ndani ya masaa. Mwandishi anayekuambia habari mbaya anakuheshimu.

Kwa watoto wa umri huo na mbwa wa kwanza sikutajii mbegu, najua ulitaka nitaje. Kaa na mkeo na watoto muandike siku yenu ya kawaida ilivyo, nani yupo nyumbani, nani atatembea na mbwa asubuhi, alafu muiweke pembeni ya ukurasa wa kazi. Utashangaa nusu ya kitabu inajifuta yenyewe.

Mbona hesabu hazilingani?

*Kitabu kimoja kinasema mbegu karibu 200, kingine zaidi ya 350. Nani muongo? – Mpenda Takwimu*

Hakuna muongo, kila chama kina orodha yake. FCI, lile shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1911, linatambua zaidi ya 350 na limezigawa makundi 10. Chama cha Marekani, AKC, cha tangu 1884, kina kama 200 kwenye makundi 7. Waingereza walianza mapema kuliko wote, chama chao ni cha 1873, nao wana orodha yao. Kuna mbwa anatambuliwa huku na kule hatambuliki, basi.

Ila ngoja nikuongezee kitu ambacho hukuuliza. Vitabu vinapenda sana kuandika "mbegu ya kale, ina maelfu ya miaka". Punguza. Maonyesho ya kwanza ya mbwa ya mtindo huu wa kisasa yalifanyika Newcastle, Uingereza, 1859, na yalikuwa ya pointer na setter tu, mbwa wa kusaidia kuwinda ndege, na nyingi ya mbegu tunazozijua leo zilifungiwa damu yao, yani zikaacha kuchanganywa na nyingine, kuanzia hapo kuja mbele. German Shepherd rasmi ni wa 1899. Rhodesian Ridgeback vigezo vyake viliandikwa Bulawayo 1922. Pharaoh Hound ndo anachekesha, jina la mafarao, vitabu vinamwekea na picha za makaburi ya Misri, alafu 2004 wanasayansi wakapima vinasaba wakakuta ni mbegu iliyotengenezwa miaka ya karibu tu. Kwenye utafiti huo huo Basenji, mbwa wa Afrika ya kati, akaonekana ni wa zamani kweli.

Mbwa wangu ni wa pili kutoka mwisho kwa akili!

*Nina Basenji. Shemeji yangu ana Border Collie na amenitumia picha ya ukurasa unaopanga mbwa kwa akili, wake namba moja wangu wa mwisho mwisho. Ananicheka kila siku. Nimjibu nini? – Mama Basenji*

Mama Basenji usilie. Hiyo orodha asili yake ni kitabu cha Stanley Coren, The Intelligence of Dogs, cha 1994. Border Collie wa kwanza, Poodle wa pili, German Shepherd wa tatu, na huku chini kabisa Afghan Hound na juu yake kidogo huyo wako. Alichofanya Coren ni kuwauliza waamuzi wa mashindano ya utii, karibu 200 hivi, mbegu ipi inashika amri haraka na kutii mara ya kwanza. Umeona? Imepimwa utii. Na Coren mwenyewe ndani ya kitabu anasema akili ya mbwa ni za aina tatu, kuna ile ya kuzaliwa nayo, kuna ya kutatua matatizo mwenyewe, na hiyo ya kufundishwa ni moja tu, ila watu wakapiga picha orodha wakaacha maelezo.

Sasa Basenji ni mwindaji anayewinda kwa macho na pua akiwa mbali na mtu, angesubiri amri angekuta mnyama ameshakwenda. Habweki kama wengine, anajisafisha mwenyewe, na akiamua kukusikiliza ni kwa sababu amepima akaona inalipa. Huo ni ujinga kweli?

Shemeji naye mwambie hivi, mbwa mwenye akili ya namba moja ndo huyo huyo anayejifunza kufungua friji. Alikuwepo Border Collie mmoja Marekani, Chaser, alifundishwa majina ya midoli 1,022 na matokeo yakachapishwa 2011, lakini nyuma yake alikuwepo profesa mstaafu aliyekaa naye masaa kwa masaa kila siku. Shemeji anayo hayo masaa?

Kitabu cha mjomba kinasema nimlaze chali mbwa

*Shikamoo. Mjomba amenipa vitabu vyake vya zamani vya kufundisha mbwa. Vinasema mbwa ni mbwa mwitu wa nyumbani na lazima uwe alfa, yani mbabe wa kundi, nile kabla yake, nipite mlangoni kabla yake, akikaidi nimlaze chali nimshikilie mpaka anyooke. Nimejaribu mara moja akaniungurumia vibaya. Niendelee? – Kijana Mwenye Rottweiler*

Marahaba kijana, na usiendelee. Na huyo Rottweiler mshukuru, ameunguruma, angeweza kuruka hatua hiyo akakamata uso maana ndo ulikuwa karibu.

Hii habari ya alfa ina historia yake na inabidi uijue ili mjomba asije kusema tunamvunjia heshima. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel aliandika kuhusu mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama, akaona wanagombea cheo. Mwaka 1970 mtafiti mwingine, David Mech, akatoa kitabu kikubwa, The Wolf, akayabeba mawazo hayo yakaenea dunia nzima, na wafundishaji wa mbwa wakayadaka. Ila Mech aliendelea kuwafuatilia mbwa mwitu porini miaka mingi na akakuta kundi ni familia tu, baba na mama na watoto wao wa mwaka huu na mwaka jana, na baba hajapigana na mtu kupata cheo, amezaa tu. Mwaka 1999 akaandika waziwazi kwamba neno alfa linapotosha, na akamwomba mchapishaji aache kuchapisha kitabu chake mwenyewe. Fikiria ukubwa wa moyo wa mtu huyo! Na hiyo ya kulaza chali ilipata umaarufu kupitia kitabu cha watawa wa New Skete, How to Be Your Dog's Best Friend, cha 1978, nao kwenye toleo la 2002 wakaikana, wakawaambia watu wasiifanye.

Kwa hiyo ukishika kitabu cha mafunzo, kabla hujaangalia picha ya mbwa angalia mwaka na toleo. Kitabu kimoja jina moja, toleo la kwanza linakutia hatarini na la pili linakuonya.

Usitupe vya mjomba vyote lakini. Kuna vya zamani vinavyosimama mpaka leo. Scott na Fuller mwaka 1965 walitoa kitabu cha utafiti wa miaka mingi, wakilea watoto wa mbwa wa mbegu tano tofauti (Basenji alikuwemo, Mama Basenji furahi), na ndo wao walioonyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa anajenga picha yake ya dunia, akikutana na watu na vitu vingi kwa upole wakati huo atakuwa jasiri, akifungiwa atakuwa mwoga maisha yake yote au karibu yote. Hakuna kitabu kizuri cha leo kisichosimama juu ya hilo. Na upande wa pili una Konrad Lorenz, mshindi wa Nobel, anaandika kuhusu mbwa vizuri mpaka unasahau chai, lakini alidai mbwa wengi wametokana na bweha. Sivyo, ni mbwa mwitu, na yeye mwenyewe baadaye aliachana na dai hilo. Kwa hiyo msome ufurahi, biolojia yake iache.

Kwenye chakula na sumu usitegemee kabisa kitabu kilichochapwa kabla ya 2000. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na jambo hilo lilianza kujulikana vizuri kwenye miaka hiyo, kwa hiyo vitabu vya mjomba unaweza kukuta zabibu zimependekezwa kama zawadi. Na ile sukari ya mbadala inayoitwa xylitol, ipo kwenye bazoka nyingi zisizo na sukari, nayo hutaikuta humo.

Ukitaka mbadala chukua The Other End of the Leash wa Patricia McConnell, 2002, unahusu zaidi sisi binadamu tunavyowachanganya mbwa kwa miili yetu na sauti zetu, au John Bradshaw, Dog Sense, 2011, anayechambua hiyo hiyo hadithi ya alfa taratibu. Inside of a Dog wa Alexandra Horowitz, 2009, hautakufundisha kumkalisha mbwa chini ila ukimaliza hutamvuta tena kamba akiwa ananusa.

Wangu chotara, hana kitabu

*Mbwa wetu tulimuokota, hajulikani mama wala baba. Watoto wananiuliza kitabu chake kipi. – Mama wa Simba*

Kitabu chake ni chochote kizuri cha tabia za mbwa. Mwaka 2022 kwenye jarida la Science ulitoka utafiti wenye majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, kama nusu yao machotara, na ukakuta mbegu inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti ya tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Nasikia Baba Watatu huko juu anauliza, si umeniambia nisome kazi ya mbegu? Nimesema, na sijageuka. Kuna mambo yanayofuata damu zaidi, kama utayari wa kufuata maelekezo ya mtu, au kulia ile uuuu ndefu ambayo Beagle na Husky wanayo. Ukurasa wa kazi unakuambia ujiandae na nini. Haukuambii huyu mbwa mmoja aliye mbele yako ni mwoga au mcheshi, anavumilia wageni au hapana, hayo unayaona kwa kumwangalia yeye, na mwenye Labrador mwenye karatasi za ukoo naye anatakiwa afanye hivyo hivyo. Simba hajapoteza kitu.

Mwanangu analia kila kitabu

*Binti yangu ana miaka 9, anapenda hadithi za mbwa ila mbwa wanakufa mno! – Dada Mkubwa*

Dada, waandishi wa mbwa ni wakatili. Old Yeller, 1956, mbwa anang'atwa na mbwa mwitu mwenye kichaa na anapigwa risasi na kijana mwenyewe, usimpe bila kujiandaa. Lassie Come-Home, 1940, safari ni ya mateso lakini Lassie anafika. Soma mwisho kwanza wewe, hakuna sheria inayokataza. Alafu akishapenda mbwa wa kwenye hadithi usikimbilie kumnunulia wa hivyo, baada ya sinema ya Dalmatian ya 1996 watu walinunua hao mbwa kwa wingi na wengi wakaishia kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa, maana Dalmatian alizalishwa kukimbia na magari ya farasi na hachoki.

Kitabu cha usalama kwa mtoto wa miaka 4

*Kuna kitabu cha kumfundisha mtoto mdogo asing'atwe? – Mama Mpya*

Vipo, ila anza na jalada. Kama kuna mtoto amemkumbatia mbwa shingoni na wote eti wanatabasamu, rudisha rafuni. Mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa, na ukimtazama mbwa wa pichani utakuta amegeuza uso pembeni, masikio nyuma, weupe wa jicho unaonekana. Mwandishi asiyeliona hilo kwenye jalada lake mwenyewe atamfundisha nini mwanao? Kizuri kina picha kubwa za mbwa anayesema niache: amelamba midomo bila chakula, anapiga miayo hana usingizi, amekakamaa ghafla. Na kiseme wazi kwamba mkia unaotikisika sio lazima furaha. Soma naye ukurasa mmoja alafu muangalie mbwa halisi kwa mbali, mtoto wa miaka 4 anashika haraka kuliko unavyodhani, ila kushika sio kukumbuka, kwa hiyo usiwaache peke yao hata dakika, kitabu kiwe kizuri vipi.

Na kama akiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15 alafu hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa anakuwaje. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Vya bei chee mtandaoni

*Nimeona vitabu vya kila mbegu mtandaoni, mwandishi mmoja ana vitabu mia! Ninunue? – Msomaji wa Simu*

Fungua zile kurasa za bure za mwanzo, popote palipo na jina la mbegu weka jina la mbegu nyingine kichwani. Chihuahua toa weka Saint Bernard. Kama sentensi bado zinasomeka vizuri, "anahitaji mazoezi ya wastani, lishe bora na upendo", funga. Kitabu cha Saint Bernard kinatakiwa kikuambie kuhusu mate, nyonga na joto, cha Chihuahua meno na magoti. Na kama jina la mwandishi halina hata mstari mmoja unaosema amefanya nini na mbwa maishani mwake, hela yako mpelekee daktari wa mifugo umuulize maswali nusu saa.